Miaka Minne na Siku Moja

"Hapana, mjukuu wangu. Mzee alilipwa kwa hela ya Nyerere."

Bibi alisema hivyo huku akichambua mchicha, bila hata kuinua uso. Tulikuwa tumekaa uani kwake, Nyankumbu, mjini Geita. Mimi nilikuwa nimetoka kumweleza, kwa ule upole wa mtu mwenye laptopu, kwamba marehemu mume wake aliachishwa kazi mgodini mwaka 1962.

Nilitabasamu. Nilidhani amechanganya. Darasani tulikuwa tumeonywa mara nyingi kwamba kumbukumbu ya mtu hutelezateleza, na kwamba mtafiti makini hulinganisha masimulizi na nyaraka. Basi nikafanya umakini wangu.

"Bibi, karatasi zinaonyesha 1962."

"Karatasi zipi?"

Nikamgeuzia kioo cha laptopu. Aliangalia jedwali langu la Excel kama mtu anavyoangalia kuku wa jirani aliyeingia jikoni kwake. Kisha akamwita kijana mmoja wa pale nyumbani, akamwagiza alete sanduku la bati kutoka chumbani.

Huku tukisubiri, akanieleza tena, taratibu, kama anayemsaidia mtoto kujumlisha. Siku ya Uhuru walikuwa kambini mgodini, yeye akiwa na mtoto mgongoni. Baada ya Uhuru walikaa, wakakaa sana, akazaa tena na tena. Mgodi ulipofungwa, mzee alirudi na noti mpya zenye picha ya Nyerere. Walizigeuza huku na huku juu ya mkeka, kwa kuwa hawakuwa wamezizoea. Ilikuwa Jumamosi. Kesho yake walikwenda kanisani kuaga.

Hapo tabasamu langu lilianza kupungua. Shilingi ya Tanzania ilianza kutumika Juni 1966, Benki Kuu ilipofunguliwa. Mwaka 1962 watu walitumia shilingi ya Afrika Mashariki, na noti zake zilikuwa na sura ya Malkia wa Uingereza. Mtu aliyeachishwa kazi 1962 asingeweza kurudi nyumbani na Nyerere mfukoni.

Sanduku likafika. Ndani, chini ya khanga mbili na cheti cha ubatizo, kulikuwa na barua ya kuachishwa kazi, imekunjwa mara nne. Juu kulia, kwa wino uliofifia: 16-7-66.

Jedwali langu lilisema 15 Julai 1962.

*

Inabidi niwaeleze jinsi nilivyofika hapo, maana kosa hili halikuwa la kuandika vibaya herufi moja. Lilikuwa kosa lililonijengea sura nzima ya tasnifu.

Ninasoma shahada ya uzamili katika historia, na utafiti wangu unahusu familia za wafanyakazi wa mgodi wa kwanza wa Geita. Wengi wanaposikia mgodi wa Geita hufikiria ule mkubwa wa leo, uliofunguliwa mwaka 2000. Lakini kabla yake palikuwa na mgodi wa chini ya ardhi uliofanya kazi kuanzia 1936 hadi 1966, ukatoa takriban wakia milioni moja za dhahabu. Ulipofungwa, familia zilitawanyika. Wengine walirudi Shinyanga, wengine Mwanza, wengine wakabaki Geita wakilima. Walichobaki nacho ni barua.

Rafiki yangu alikuwa ametangulia Geita kwa utafiti wake mwenyewe. Akiwa huko alipiga picha barua 43 kwa niaba yangu, akaingiza tarehe zake kwenye jedwali alilorithi kutoka mradi wa zamani. Akanitumia picha na jedwali. Picha nilizihifadhi kwenye simu, jedwali nikalifungua, nikanakili safu zote, nikazibandika kwenye jedwali langu. Kazi ya dakika mbili. Nikamshukuru, nikaendelea.

Nilipopanga tarehe za kuachishwa kazi, nikaona zote zimerundikana mwaka 1962. Moyo ulinidunda. Mwaka 1962! Tanganyika haijafikisha hata mwaka mmoja wa Uhuru. Januari Nyerere amejiuzulu uwaziri mkuu ili akajenge chama. Mwaka huohuo inapitishwa sheria ya kudhibiti migomo. Desemba 9 nchi inakuwa Jamhuri. Na hapa, katikati ya misukosuko yote hiyo, mgodi wa wageni unawaondoa wafanyakazi wake kwa mkupuo.

Niliandika kurasa ishirini na moja. Niliandika kuhusu hofu ya waajiri baada ya Uhuru, kuhusu ahadi na mshtuko, kuhusu mfanyakazi aliyepandisha bendera Desemba na kufungashiwa virago Julai. Msimamizi wangu aliandika pembeni: "Hoja nzuri." Nilipiga picha neno hilo nikamtumia mama.

Kila jambo nililolitumia kama ushahidi lilikuwa la kweli. Nyerere kweli alijiuzulu Januari 1962. Sheria kweli ilipitishwa. Tarehe moja tu ya uongo ilikuwa imekaa katikati ya ukweli mwingi, na ukweli ule wote ukaitika kama waumini wanavyomwitika kiongozi wa ibada. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo. Tarehe ya uongo inaweza kuketi mahali palipoandaliwa na historia yenyewe, ikapendeza.

*

Usiku ule nilikaa kwenye nyumba ya wageni nikifungua picha moja baada ya nyingine. Zote 43 zilikuwa zimesogea nyuma kwa kiasi kilekile: miaka minne na siku moja. Isingekuwa ajali ya vidole. Vidole vingekosea huku na kule. Hapa palikuwa na kanuni.

Kanuni yenyewe ni hii. Excel haijui tarehe, inajua namba tu. Ukiandika 9 Desemba 1961, yenyewe inaweka 22624, yaani siku ya 22624 ukianza kuhesabu 1 Januari 1900 kuwa siku ya kwanza. Kile unachokiona kwenye kisanduku ni namba iliyovalishwa nguo za tarehe. Ukijumlisha moja unapata 10 Desemba. Hesabu ni nyepesi, na ndiyo maana ilibuniwa hivyo.

Tatizo ni pale mwanzo unapokuwa si mmoja. Mwaka 1983 ilitoka programu ya majedwali iitwayo Lotus 1-2-3, iliyohesabu kuanzia 1900 na kuuchukulia mwaka huo kuwa mrefu, wenye 29 Februari. Kwa kalenda tunayoitumia, mwaka wa karne huwa mrefu pale tu unapogawanyika kwa 400. Mwaka 2000 ulikuwa mrefu, 1900 haukuwa. Excel ilipokuja ikairithi hesabu hiyo, pamoja na siku isiyowahi kutokea, ili mafaili ya zamani yasiharibike. Kompyuta za Macintosh nazo zilikuwa zimechagua kuukwepa utata wa 1900 kwa kuanza hesabu 1 Januari 1904, na siku hiyo ikaitwa sifuri. Excel ya kwanza kabisa, ya 1985, ilikuwa ya Macintosh.

Kwa hiyo kuna mianzo miwili. Katika faili linalohesabu kuanzia 1904, siku ya Uhuru ni 21162. Faili hubeba mwanzo wake popote liendako, hata likifunguliwa kwenye mashine mpya, na ukiliangalia lenyewe tarehe zote ni sahihi. Balaa linakuja unaponakili visanduku na kuvibandika kwenye faili linalohesabu kuanzia 1900. Namba inavuka, mwanzo haivuki nao. 21162 ileile, ikihesabiwa kuanzia 1900, ni 8 Desemba 1957. Tanganyika imepata Uhuru miaka minne kabla, na hakuna kengele iliyolia.

Tofauti ni siku 1,462. Kati ya hizo, 1,460 ni miaka minne halisi ya 1900 hadi 1903. Moja ni kwa sababu upande mmoja unaanza na moja na mwingine unaanza na sifuri. Na moja ni ile 29 Februari 1900, siku ambayo hakuna mtu aliyeamka asubuhi yake. Mzee wa Geita alisogezwa, pamoja na mambo mengine, na siku ambayo haikuwahi kuwapo.

Na kwa nini sikushtuka mapema? Kwa sababu nilifanya ukaguzi usiofaa. Nilikuwa nimetoa tarehe ya kuajiriwa kwenye tarehe ya kuachishwa ili kupata muda wa kazi, na majibu yote yalikuwa ya kuaminika. Mzee aliajiriwa 3 Aprili 1951, akaachishwa 16 Julai 1966: miaka kumi na mitano. Jedwali langu lilisema 2 Aprili 1947 hadi 15 Julai 1962: miaka kumi na mitano. Zikisogea zote pamoja, umbali kati yake haubadiliki. Bibi alipoisikia ile 1947 alicheka hadi akaweka ungo chini. "Arobaini na saba mzee alikuwa anachunga ng'ombe wa baba yake," alisema.

Hata siku za wiki zilikuwa zikinipigia kelele na mimi sisikii. Tarehe 16 Julai 1966 ilikuwa Jumamosi, kama bibi alivyosema. Tarehe 15 Julai 1962 ilikuwa Jumapili. Nilikuwa nimeandika kurasa ishirini na moja kuhusu ofisi ya mgodi iliyotoa barua Jumapili.

*

Nilikuwa nimekwenda Geita kwa njia ya Kahama. Nikitokea Shinyanga nililala Kahama, asubuhi nikapanda gari linalopita Kakola, mji uliokua kando ya mgodi wa Bulyanhulu. Wakati wa kurudi, gari liliposimama Kakola kupakia abiria, nilifungua laptopu mapajani. Nilikuwa na jedwali la pili, la mambo ya Bulyanhulu mwaka 1996, na ghafla sikuliamini nalo.

Matukio ya mwaka ule mpangilio wake ndio maana yake. Mwisho wa Julai 1996 serikali iliwaamuru wachimbaji wadogo waondoke eneo lile. Wao wakakimbilia Mahakama Kuu. Agosti wakaondolewa na mashimo yakafukiwa. Baadaye kukatokea madai mazito kwamba kuna watu waliofukiwa humo, madai ambayo serikali na kampuni waliyakanusha, na ubishi ule haujawatoka watu wa huku hadi leo. Katika shauri kama hilo, nani alitangulia, amri, mahakama au tingatinga, si jambo dogo. Ndilo jambo lenyewe.

Tarehe zangu nilizichapa kwa mtindo wetu, siku kisha mwezi. Laptopu yangu, iliyonunuliwa mtumba, ilikuwa na mipangilio ya Marekani, mwezi kisha siku. Nilipoandika 3/8/1996 yenyewe ilisoma Machi 8. Nilipoandika 7/8/1996 ikasoma Julai 8. Angalia mtego ulivyo: siku yoyote kuanzia tarehe 1 hadi 7 Agosti, ikipinduliwa, inakuwa tarehe 8 ya mwezi ulio kabla ya Agosti. Lakini 30/7 haipinduki, kwa sababu hakuna mwezi wa thelathini, basi inabaki kama maandishi tu. Nilipobadilisha siku na miezi kuwa majina na kupanga, wiki ya kwanza ya Agosti yote ilikuwa imekwenda kuketi kabla ya mwisho wa Julai. Watu wanapelekana mahakamani kabla ya amri wanayoipinga. Jedwali limewaondoa wachimbaji kabla hawajaambiwa waondoke.

Nilipiga hesabu palepale garini. Katika mwaka kuna tarehe 144 ambazo siku yake haizidi 12, kwa hiyo zinaweza kusomwa namna mbili. Toa 12 ambazo ukizipindua hubaki zilezile, zinabaki 132. Hizo ndizo zinazobadilika kimyakimya, na nyingine zote hukataa na kukaa kama maneno. Kwa hiyo huwezi hata kusema jedwali lote limeharibika. Limeharibika kidogo zaidi ya theluthi moja, bila utaratibu unaouona kwa macho.

Kati ya zile 12 zisizopinduka, mbili tunazijua vizuri: Saba Saba na Nane Nane. TANU ilizaliwa 7/7/1954, na hata uisome kwa Kiingereza cha Marekani, imezaliwa siku ileile. Siku ya Mapinduzi, 12/1, inageuka Desemba mosi. Azimio la Arusha, 5/2, linageuka Mei 2. Na kuna tarehe ambazo Excel haizitaki kabisa. Inaelezwa kwamba Wajerumani waliiona dhahabu ya Geita mwaka 1898, na kwa Excel hiyo ni kabla ya mwanzo wa dunia.

Baadaye nilijifariji kidogo kwa kusoma kwamba hata wanasayansi wakubwa wamepigwa. Kulikuwa na jeni za binadamu zilizoitwa MARCH1 na SEPT1. Excel ilizigeuza kuwa tarehe mara nyingi mno, hata mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni ikaamua kubadilisha majina yenyewe. Wao walibadilisha jeni. Mimi sikuwa na mamlaka ya kubadilisha Agosti.

*

Kurekebisha hakukuwa kugumu. Kwa barua za Geita nilijumlisha 1,462 kwa kila kisanduku, kisha nikalinganisha kila kimoja na picha yake, zote 43, kazi ya usiku mmoja ambayo ningeifanya mwaka mzima kabla. Kwa Bulyanhulu sikutafuta njia ya mkato. Nilirudi kwenye magazeti, nikachapa upya, safari hii mwaka, mwezi na siku kila kimoja kwenye safu yake, ili mashine isipate cha kutafsiri.

Ile sura ya tasnifu ndiyo ilikuwa ngumu. Nilimwandikia msimamizi wangu barua pepe ndefu, nikaifuta, nikaandika fupi: "Sura ya tatu si sahihi. Tarehe zilisogea." Alinipigia simu. Hakunikaripia. Aliuliza swali moja: "Nani aligundua?" Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi sura mpya ianzie kwake."

Nimekuwa nikifikiria jinsi bibi alivyogundua. Yeye naye anahesabu kuanzia mahali fulani, kama kompyuta. Anahesabu kuanzia siku ya Uhuru, kutoka mtoto hadi mtoto, hadi kwenye noti mpya juu ya mkeka. Wasukuma wengi wa umri wake nimewasikia wakihesabu hivyo. Mtu huitwa Nzala kwa kuzaliwa wakati wa njaa, mwingine Mbula kwa kuzaliwa mvua ikinyesha. Tofauti ni kwamba ukimwuliza bibi anahesabu kuanzia wapi, anakujibu. Rafiki yangu na mimi hatukuwahi kuyauliza majedwali yetu.

Juzi nilirudi Nyankumbu kumwonyesha sura mpya. Nilimsomea kurasa zinazomhusu mzee, akasahihisha jina la kapteni wa kambi na idadi ya ng'ombe. Kisha nikamwuliza na yeye alizaliwa lini, maana nilitaka kumwingiza. Akanionyesha kitambulisho chake cha taifa. Kilisema Julai mosi.

"Hiyo waliniandikia wao," alisema. "Mama alikuwa akisema nilizaliwa mwaka yule mzungu wa Mwadui alipopata mawe yake."

John Williamson aligundua almasi ya Mwadui mwaka 1940. Nikafungua jedwali.

Siku hizi kila jedwali langu lina mstari wa kwanza uleule: 9 Desemba 1961. Ni mlinzi wangu wa getini. Ikisogea kwa hesabu ya 1904 nitaona 8 Desemba 1957, na siku ikipinduliwa na mwezi nitaona 12 Septemba. Saba Saba isingeweza kunilinda hivyo. Baada ya safu za mwaka, mwezi na siku nimeongeza moja inayoitwa "Nani kasema?"

Nikaandika mstari wa bibi. Mwaka: 1940, takriban. Mwezi: wazi. Siku: wazi. Nani kasema: mama yake.

"Mbona huku hujajaza?" akauliza, akigusa visanduku vitupu kwa kidole chenye utomvu wa mchicha.

"Hakuna anayejua, bibi."

"Haya," akasema. "Basi paache hivyohivyo."